Bi Nelda na Dirisha la Toleo la Ishirini na Moja

Baada ya miaka thelathini na tatu na miezi mitatu ya kazi, Bi Nelda Kuykendall, Mkaguzi Mkuu wa michezo ya kompyuta katika kampuni yetu ya Dry Fork hapa Garland, Texas, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025. Aliingia mlangoni Jumatatu ya tarehe 24 Februari 1992, na tangu siku hiyo hakuna mchezo uliotoka kwetu kwenda kwa wateja bila yeye kuugonga kila ukuta.

Waliopanga sherehe wameniomba mimi niandike habari zake kwa sababu kati ya watu wa mwanzo tumebaki wawili tu, yeye ofisini na mimi stoo. Shule niliiacha mapema na kalamu niliyoizoea ni ile nene ya kuandikia maboksi. Lakini nimemsomea mwenyewe yote yaliyomo humu, na ameniambia niyaache kama yalivyo, hata yale yanayomuuma.

Kabla ya kuja kwetu Bi Nelda alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha suruali. Alivuta kila mshono kuona kama utaachia. Mumewe, Orrin, alikuwa mchoraji wa mabango ya barabarani, na kampuni ilipoanza kutengeneza mchezo wa Lango la Kutu ilimwajiri achore kuta. Siku moja mkewe alimletea chakula, akakaa kwenye kiti chake, akashika kibodi. Baada ya dakika kumi alikuwa ameingia kwenye kona moja, ukuta ukamwachia, akaanguka nje ya dunia ya mchezo, akawa anaelea kwenye weusi mtupu. Gaylon Metcalf, bosi wetu wa wakati huo, alikuja mbio.

"Umefanyaje hivyo?"

"Nimevuta mshono," akajibu Bi Nelda. "Umeshonwa ovyo."

Wiki iliyofuata alikuwa na meza yake.

Vijana wengi mnaoujua Lango la Kutu mnaujua ulivyotoka dukani Desemba 1993: giza, moto, mazimwi yanayokurukia kabla hujakaa sawa. Sisi tuliujua ukiwa bado mtoto. Matoleo ya kwanza hayakuwa na sauti hata moja, kwa hiyo Bi Nelda alizitoa mwenyewe kwa mdomo, "pu! pu!", mpaka Gaylon akamwomba apunguze kwa sababu watu walikuwa kwenye simu. Mazimwi yalisimama tu kama watu wanaongoja basi. Ukiyapiga yalikufa, ila yalikufa yakiwa yamesimama. Kulikuwa na mlango uliofunguka mara moja tu, ukishafunguka basi, haufungiki tena. Katika toleo la tisa bunduki ilikuwa mkono wa kushoto na hakuna aliyeona isipokuwa Bi Nelda, kwa sababu yeye mwenyewe ni wa kushoto na kwa mara ya kwanza alijisikia yuko nyumbani. Aliripoti kosa hilo kwa huzuni.

Kazi yake ilikuwa kutokusimama. Nataka hili lieleweke, maana habari yote iko hapo. Mchezaji wa kawaida hukimbia, hujificha, hungoja. Mkaguzi hangoji kitu. Anagonga ukuta huu, anageuka, anagonga ule, anafungua mlango mara hamsini, anarudi kinyumenyume, anaandika kwenye daftari, anahamia chumba kingine. Gaylon alimsifu mbele ya wote kwamba yeye ndiye mwenye miguu ya haraka kuliko mtu yeyote katika jengo, na alikuwa ameketi.

Kuanzia Oktoba 1992, kila Ijumaa alasiri toleo jipya lilikuwa tayari. Liliwekwa kwenye disketi nne na disketi zile alikabidhiwa Bi Nelda. Jumatatu ya wiki iliyofuatia, toleo jipya likishakubaliwa, lile la zamani lilifutwa na disketi zake zikatumika tena. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeona vibaya. Disketi hazikutosha, na nani angetaka nyumba ya jana wakati ya leo ina ngazi? Kazi ya kufuta ilikuwa yake. Lebo mpya ilibandikwa juu ya lebo ya zamani, na ile juu ya nyingine, mpaka disketi inanenepa na kunasa ndani ya kompyuta. Ndipo alipoleta kikaushia nywele chake cha nyumbani, akawa anazipasha moto lebo na kuzibandua moja moja. Mimi nilidhani anakausha kitu kilichomwagikiwa na kahawa. Nilikuwa mgeni, sikuuliza.

Sasa nije kwenye toleo la ishirini na moja, la Ijumaa ya tarehe 5 Machi 1993.

Orrin alikuwa ameanza kuumwa. Alichora kwa taratibu, na katika ngome ile ya mchezo, kati ya ghala la risasi na ngazi ya kushukia chini, aliweka chumba cha kulia cha askari. Meza mbili, sahani, viti, kofia imesahauliwa juu ya benchi. Ukutani kulikuwa na dirisha. Nje ya dirisha aliweka shamba la pamba la huko magharibi alikozaliwa, lenye pampu ya upepo ya kuvuta maji na nyumba ndogo ya mbao kwa mbali. Hakunakili picha. Alilitoa kichwani, nukta kwa nukta, kwa muda wa wiki tano, na nyumba yenyewe ilikuwa imeshabomolewa miaka mingi. Zimwi halikuingia katika chumba kile. Ndani ya nyumba ile aliweka taa iliyowaka yenyewe, lakini kwa sharti moja: mchezaji asimame dirishani bila kusogea na bila kufyatua risasi, kwa muda mrefu. Hakumwambia mtu ila mkewe, na hata huyo hakumtajia ni muda gani.

Bi Nelda alikikagua chumba kile Ijumaa hiyo hiyo. Aligonga kuta zote nne, akapiga risasi sahani, akajaribu kupita dirishani, akaandika "hakuna kosa", akaondoka. Alijiambia atarudi kuitazama taa akipata nafasi.

Ijumaa iliyofuata chumba hakikuwepo. Gaylon alikikata. "Mtu akikaa chini, mchezo umekufa," alisema, na siwezi kusema alikosea, maana mchezo uliuzwa dunia nzima. Palipokuwa na dirisha pakawa na ukuta wenye kutu. Jumatatu Bi Nelda akachukua disketi nne za toleo la ishirini na moja akazifuta, kama alivyofuta matoleo ishirini yaliyotangulia. Ilikuwa ni mikono tu inafanya. Alikuwa na mgonjwa hospitali na alitaka kuwahi.

Baada ya wiki tatu, Orrin akiwa kitandani, alimuuliza.

"Nel, uliiona taa?"

"Niliiona, mpenzi."

"Si ilichukua muda?"

"Ilichukua muda wake."

Orrin alicheka, akasema alijua yeye angeweza kungoja. Alifariki katikati ya Aprili. Bi Nelda alirudi kazini siku ya kumi, akafungua disketi za wiki ile, akaanza kugonga kuta.

Mafanikio yake mnayajua. Michezo arobaini na mmoja imepita mikononi mwake. Amefundisha wakaguzi ambao leo wanaongoza idara katika makampuni makubwa kuliko letu, na wote hutembea kinyumenyume wakiingia chumba kipya, hata katika hoteli, nimeambiwa. Mwaka 2004 alizuia mchezo usitoke kwa siku kumi na moja kwa sababu ya ngazi moja iliyomtupa mchezaji nje, na wakubwa walimchukia siku kumi, wakamshukuru ya kumi na moja. Hajawahi kuchelewa ila mara mbili, zote kwa barafu ya barabarani. Pai yake ya njugu za pekani imeleta amani kati ya wachoraji na waandika programu mara nyingi kuliko mkutano wowote.

Lakini kila mwaka barua zilikuja. Watu walioupenda Lango la Kutu walipokua, walianza kutamani kuuona ulivyokuwa utotoni. Waliandika kutoka Poland, Brazili, Korea: je, yale matoleo ya mwanzo bado yapo? Mengi yalipatikana, yakiwa nakala zilizofichwa, hili kwa mfanyakazi wa zamani, lile katika dari ya mtu. La ishirini na moja halikupatikana. Bi Nelda alijibu kila barua kwa mkono wake: "Halipo. Nililifuta mimi." Na baada ya kujibu alikwenda kupekua tena. Mchezo ulipotimiza miaka kumi alipekua makabati yote. Ulipotimiza ishirini alipekua tena. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Nilijua anatafuta kitu cha zamani, sikujua ni kipi. Mambo ya ofisini hayakuwa yakifika stoo, na sisi wa stoo hatukuwa na desturi ya kuuliza.

Mwezi Aprili mwaka huu, alipokwisha kuandika barua ya kustaafu, alikuja kula mchana kwenye mlango wa kupakilia mizigo, pale tunapokaa sisi. Alikaa juu ya boksi, akafungua mkate wake wa jibini, hakuula.

"Chebo," akaniambia, maana jina langu, Eusebio, hajawahi kuliweza, "nitaondoka hapa na uongo mmoja."

Ndipo aliponieleza yote niliyoyaandika hapo juu. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza:

"Dirisha lenye pampu ya upepo?"

Akanitazama. "Wewe umelijuaje?"

"Bi Nelda, sisi tulikuwa tukila chakula pale."

"Pale wapi?"

"Dirishani. Kwenye kompyuta ya lebo. Taa inawaka mtu akifika tortilla ya tatu."

"Chebo, usinitanie."

"Sikutanii. Inawaka upande wa..."

"Nyamaza!" Alinyanyua mkono wake wote. "Usiniambie upande. Usiniambie chochote."

Kosa hilo nililifanya mimi, na leo nalikiri kwa maandishi. Mwaka ule stoo tulikuwa na kompyuta ya kuchapia lebo za mizigo ya posta. Tulikuwa tukisikia wenzetu wakicheka juu, nasi tukataka kuona wanachokitengeneza. Jumatatu moja mchana nilichukua disketi nne kutoka kwenye boksi la kufutwa, nikaziingiza kwenye kompyuta yetu, nikanakili yote yaliyomo, nikazirudisha kabla Bi Nelda hajamaliza kula. Ilikuwa imekatazwa kabisa. Nilijua ningefukuzwa.

Watu wa stoo hawakuwa wachezaji. Vidole vyetu vilikuwa vimekwisha. Tulimpeleka yule askari mpaka chumba cha kulia, tukamsimamisha dirishani, tukala. Palikaa mtu wa Oaxaca, mtu wa Hue ng'ambo ya bahari, mtu wa Lubbock hapa hapa Texas ambako hata si mbali, nami wa milima ya Guatemala ambaye pamba nilikuwa sijaiona ikiota. Kila mmoja aliitazama ile nyumba huku akitafuna. Mtu wa Hue alisema ni ya mjomba wake. Taa ikiwaka tulijua mapumziko yamekaribia kwisha. Tulidhani wote walioununua mchezo wanayo. Sikuwahi kuununua, kwa hiyo sikuwahi kujua.

Kompyuta ile ilibadilishwa mwaka 1998. Mimi ndiye niliyeiondoa mezani, na nilipoipeleka sikupakumbuka. Kwa siku nane tulipekua stoo nzima, mimi na Bi Nelda na Lupe Arredondo, msimamizi wetu, ambaye hataki kitu kiguswe bila yeye. Hatukuona. Siku ya tisa Bi Nelda aliniambia tuache, mgongo wangu hauna umri huo tena. Nilikuwa nimeketi sakafuni kupumzika, macho yako chini ya rafu namba tisa, nikaona ule mguu wake wa kona. Niliuweka mwenyewe, mguu wa chuma ulipovunjika.

"Lupe, njoo na foklifti. Inua rafu hii."

"Kwa sababu gani?"

"Ninataka kompyuta."

Lupe aliinama akatazama. "Hiyo si kompyuta, mzee. Huo ni mguu wa rafu. Miaka ishirini na saba inabeba tani ya gundi ya karatasi, halafu unataka iwake?"

"Inua tu."

Bui Thanh, binti wa idara ya programu ambaye alikuwa hajazaliwa wakati Orrin anachora, aliifungua kifuniko kwa mikono miwili kama mtu anayefungua chungu cha bibi yake. Aliondoa vumbi na buibui, akatengua betri iliyooza na kuvuja, akaiacha siku nne ikauke. Siku ya tano diski ya ndani ilizunguka. Ilizunguka ikilia, sauti ya chuma juu ya chuma, hata Lupe akaziba masikio.

Thanh alituambia ukweli. "Hii haina maisha. Inaweza kuzunguka saa moja, inaweza dakika tano. Ninaweza kufanya kitu kimoja. Ama nifungue mchezo hapa hapa, Bi Nelda aone dirisha lake, ama nianze kunakili. Nikinakili na ikafa katikati, haoni yeye, haoni mtu."

Nilimwambia Bi Nelda aangalie. Lupe naye alimwambia aangalie. Ni mumewe, hao wengine wa Poland watajijua. Bi Nelda alisimama nyuma ya kiti cha Thanh, amekunja mikono.

"Nilishawahi kuwa na haraka na kitu hiki," akasema. "Nakili."

Dakika thelathini na nane. Hatukukaa. Diski ililia, ikanyamaza, ikalia, mara mbili ilisimama kabisa na Thanh akaigonga ubavuni kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Ilipofika mwisho Thanh alisema neno kwa lugha ya kwao na kuweka kichwa mezani. Baada ya hapo diski haikuzunguka tena.

Mchana ule ule tuliifungua nakala kwenye kompyuta ya Thanh. Bi Nelda alimpitisha askari kwenye ghala la risasi, akakata kona, akaingia chumba cha kulia. Alipofika tu dirishani, taa ilikuwa imeshawaka.

Lupe alipiga makofi. Bi Nelda alifumba macho na kukigeuza kiti.

"Hapana," akasema. "Hiyo sikuingoja."

Thanh ndiye aliyeelewa. Orrin aliupima muda kwa mwendo wa kompyuta za siku zile, na za leo zinakimbia mara maelfu. Kungoja kwake kote kulikuwa kumepita kwa kufumba na kufumbua. Thanh akakaa na kazi ya kuipunguza kasi mashine mpaka iwe na uvivu wa mwaka 1993. Alipomwambia kwamba anaweza pia kuisoma programu na kumtajia dakika kamili, Bi Nelda alimshika begani, akamwambia, "Mwanangu, nimefungua kila kitu katika jengo hili. Hiki kimoja niachie."

Aliketi mbele ya dirisha lile Alhamisi ya tarehe 15 Mei, saa sita na nusu mchana, kwenye mlango wa kupakilia, maana alitaka iwe pale. Tulileta nyama ya moshi na tortilla. Askari alisimama. Pampu ya upepo ilizunguka kwa kukwama kwama, kama zilivyokuwa picha za siku zile. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na tatu niliiona mikono ya Bi Nelda haifanyi kitu. Dakika ya nne kidole chake kilianza kutembea kuelekea kwenye kibodi, akakiona, akaikalia mikono yote miwili. Dakika ya kumi baadhi ya wa ofisini walirudi juu. Lupe alimaliza kula, akataka kusema kitu, nikamkanyaga. Mimi nilikuwa naijua saa ya kuwaka na niliogopa kuliko wote, kwa sababu huenda kunakili kuliharibu kitu, na huenda pia ni sisi tulioiota, watu wanne wenye njaa.

Taa iliwaka. Haikuwaka kwa ghafla. Kwanza kioo kimoja cha ile nyumba kilikuwa cheusi kidogo kuliko vingine, halafu kikawa kahawia, halafu njano. Upande gani sitaandika. Kisha, na hili sisi wa stoo hatukuwahi kuliona kwa sababu wakati huo tulikuwa tumeshaitwa kazini, mlango wa nyumba ile ulifunguka, ukaacha kipande cha mwanga juu ya pamba, na haukufungika tena.

Bi Nelda hakulia. Alitazama mpaka Thanh akaanza kuogopa. Kisha akasema, kwa sauti ile anayotumia kuripoti kosa dogo, "Orrin, nimeiona. Ilichukua dakika kumi na tisa."

Toleo la ishirini na moja sasa liko wazi kwa yeyote duniani anayelitaka, kwa idhini ya kampuni, na barua za Poland zimejibiwa upya. Mimi sikufukuzwa.

Kwa niaba ya stoo, ofisi, wachoraji, waandika programu na wote waliowahi kula pai yako: asante, Bi Nelda, kwa kila mshono uliouvuta ili sisi tusianguke. Tunakutakia asubuhi za kuchelewa kuamka, mchana wenye kivuli, afya ya miguu hiyo ya haraka, na miaka mingi ya kuketi mahali pazuri pasipo na chochote cha kukagua.

Eusebio Tzoc
Stoo na Upakiaji